Taji kutoka Cairo: vito vya urithi katika harusi za kifalme za Skandinavia

Katika harusi kubwa za kifalme za Denmark, Sweden na Norway, wanawake walioalikwa kutoka nasaba za kifalme huvaa mavazi rasmi ya jioni pamoja na tiara, yaani taji jepesi la vito linalovaliwa juu ya nywele, hata kama ibada inaanza alasiri. Ndivyo ilivyokuwa mjini Copenhagen tarehe 14 Mei 2004, alipooa Frederik, mrithi wa kiti cha Denmark, na mjini Stockholm tarehe 19 Juni 2010, alipoolewa Victoria, mrithi wa kiti cha Sweden. Nchini Uingereza, ambako harusi za kifalme kwa kawaida hufanyika mchana, wageni wanawake huvaa kofia.

Kwa mtazamaji, tiara ni pambo. Kwa wanaozivaa, ni kumbukumbu ya ukoo: nani alimzaa nani, nani alirithi nini, na nani hana ruhusa ya kuvaa. Mojawapo ya zinazojulikana zaidi ilitoka katika ardhi ya Afrika.

Zawadi ya Khedivi

Mapema mwaka 1905, Mwanamfalme Gustaf Adolf wa Sweden alikutana mjini Cairo na Margaret wa Connaught, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza. Walichumbiana hukohuko Misri, na tarehe 15 Juni mwaka huo wakafunga ndoa Windsor, Uingereza. Mtawala wa Misri, Khedivi Abbas Hilmi wa Pili, alimpa bi harusi tiara ya almasi iliyotengenezwa na sonara Cartier.

Zawadi hiyo ilitolewa katika mazingira magumu ya kisiasa. Kwa jina, Misri ilikuwa sehemu ya dola la Uthmaniya, lakini tangu 1882 majeshi ya Uingereza yalikuwa yameikalia. Khedivi alikuwa akimtunuku binti wa nasaba iliyotawala taifa lenye nguvu halisi juu ya nchi yake. Desemba 1914, miezi michache baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kuanza, Uingereza ilimwondoa madarakani. Taji lake lilikuwa tayari Sweden.

Margaret hakuwahi kuwa malkia. Alifariki tarehe 1 Mei 1920 akiwa na umri wa miaka 38, huku akiwa na ujauzito wa mtoto wa sita. Mumewe alikuja kuwa mfalme miaka thelathini baadaye. Binti yao wa pekee, Ingrid, alikuwa na umri wa miaka 10 alipofiwa na mama, na tiara ya Misri ikawa urithi wake.

Wanaoruhusiwa kuivaa

Tarehe 24 Mei 1935, Ingrid aliolewa mjini Stockholm na Frederik, mrithi wa kiti cha Denmark, na vito vya mamaye vikavuka naye kwenda Copenhagen. Siku ya harusi yake mwenyewe hakuvaa tiara hiyo. Lakini mabinti zake wote watatu waliivaa: Anne-Marie alipoolewa na Mfalme Constantine wa Ugiriki mjini Athens mwaka 1964, Margrethe mjini Copenhagen mwaka 1967, na Benedikte katika kasri la Fredensborg mwaka 1968. Wajukuu wa kike wakafuata: Alexandra, binti wa Benedikte, mwaka 1998, Alexia, binti wa Anne-Marie, mwaka 1999, Nathalie, mdogo wake Alexandra, mwaka 2011, na Theodora, mdogo wake Alexia, mjini Athens mwezi Septemba 2024.

Hivyo ikajengeka desturi: tiara ya Khedivi ni ya maharusi waliozaliwa katika damu ya Ingrid. Wakaza wana hawamo. Mary, aliyetoka Australia kuolewa na Frederik mwaka 2004, alipewa na wakwe zake tiara nyingine ya almasi. Ingrid alipofariki Novemba 2000, taji la Misri lilikwenda kwa binti yake mdogo, Anne-Marie.

Sweden ina desturi iliyo tofauti. Tiara ya dhahabu na lulu, yenye sanamu ndogo bapa zilizochongwa kwa ustadi, inasimuliwa kuwa ilikuwa ya Josephine, mke wa kwanza wa Napoleon. Iliingia Sweden kwa mjukuu wake aliyeitwa pia Josephine, aliyeolewa na Oscar, mrithi wa kiti, mwaka 1823. Dada wawili wa mfalme wa sasa waliivaa walipoolewa, Birgitta mwaka 1961 na Désirée mwaka 1964. Mwaka 1976 aliivaa pia Silvia, aliyekuja kutoka Ujerumani kuolewa na mfalme. Binti yake Victoria akaivaa mwaka 2010, katika kanisa lilelile na tarehe ileile ya 19 Juni. Huko, binti wa nyumbani na mke aliyeingia wamevaa taji moja.

Mali ya ukoo na mali ya kiti

Si kila kito anachovaa malkia ni chake. Nchini Denmark, Malkia Sophie Magdalene aliandika wosia mwaka 1746 ili vito vyake vibaki na kiti cha ufalme badala ya kugawanywa kwa warithi. Vito hivyo huhifadhiwa katika kasri la Rosenborg, Copenhagen, ambako umma huviona. Malkia pekee ndiye mwenye haki ya kuvivaa, na kwa desturi havitoki nje ya nchi. Ndiyo maana malkia wa Denmark anapokwenda harusini Stockholm au Oslo, huvaa vito vya ukoo wake.

Miongoni mwa vito vya ukoo ni seti ya yakuti nyekundu na almasi ambayo, kwa mujibu wa masimulizi ya familia, Désirée Clary aliivaa Napoleon alipotawazwa Paris mwaka 1804. Désirée baadaye alikuwa malkia wa Sweden. Mwaka 1869 seti hiyo ilikwenda Denmark pamoja na bi harusi Louise, binti pekee wa mfalme wa Sweden. Inaelezwa kwamba alipewa kwa sababu nyekundu na nyeupe ni rangi za bendera ya Denmark. Ingrid aliipata alipoolewa mwaka 1935, kisha akamwachia mjukuu wake Frederik, ambaye sasa ni mfalme. Kwa njia hiyo Mary, asiyevaa tiara ya Khedivi, huvaa yakuti hizo, na mwaka 2010 sonara alizibadilisha zimfae.

Kwa hiyo kinachoamua ni nani avae nini ni wosia, undugu na neno la aliyetangulia. Khedivi Abbas Hilmi alipoteza kiti chake mwaka 1914. Taji alilolitoa mwaka 1905 lilikuwa bado kichwani mwa bi harusi miaka 119 baadaye.