Tundu, Wingu na Donge: Historia Fupi ya Maneno ya Kuzaliwa kwa Nyota

Jina likikosewa, maarifa nayo hupotea njia. Historia ya elimu ya nyota inatupa ushahidi wa jambo hili, nasi twaileta mbele ya wafasiri na walimu.

Mwaka 1785 William Herschel, aliyekuwa akizichunguza mbingu nchini Uingereza, alieleza mahali peusi katika kundi la nyota la Nge, akapaita tundu. Jina hilo lilibeba dai kwamba pale hapana kitu. Zaidi ya karne moja ilipita kabla dai hilo halijaachwa. Edward Emerson Barnard wa Marekani, alipochapisha mwaka 1919 orodha ya madoa meusi 182, alikuwa amekwisha kusadiki kwamba mengi kati yake ni mawingu yazuiayo nuru ya nyota zilizo nyuma. Mwaka 1947 Bart Bok na Edith Reilly wakapendekeza kuwa ndani ya madoa madogo ya mviringo huenda nyota zinatungwa. Palipodhaniwa patupu pakawa mahali pa uzazi.

Sababu yake ilikwisha kuelezwa na James Jeans mwaka 1902: wingu la gesi likiwa zito na baridi kupita kiasi fulani, msukumo wa gesi hushindwa na mvutano wa wingu lenyewe, likaporomoka. Mwaka 1970 mawimbi ya redio ya kaboni monoksidi yalinaswa kutoka Orion, na tangu hapo wataalamu wakaweza kuyapima mawingu haya hadi ndani. Sehemu zake nzito zina baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Nyota yenye maada mara nane ya ile ya Jua au zaidi huanza kuunguza hidrojeni ingali ikiangukiwa na gesi, na nuru yake huisukuma gesi hiyo nje. Wataalamu walijiuliza basi yakuaje. Jibu linalokubaliwa na wengi ni kwamba gesi huingia kupitia sahani inayoizunguka nyota, na nuru hutokea juu na chini yake. Tukiiita “nyota kubwa” tutakosea, kwani nyota ya uzito wa Jua nayo huvimba uzeeni ikawa kubwa mno. Twapendekeza “nyota nzito”.

Vilevile, fungu la wingu litakalozaa kundi la nyota si sawa na lile litakalozaa nyota moja au chache. Wengine hutumia “kiini” kwa yote mawili. Lakini neno hilo limekwisha kukabidhiwa atomi, na mwanafunzi atasoma katika ukurasa huo huo kuwa viini vya atomi huungana ndani ya nyota. Lugha yetu inayo “bonge” kwa fungu kubwa na “donge” kwa dogo. Twaomba maneno haya yapimwe mapema, kabla kosa halijaingia vitabuni na kudumu kama lile tundu la Herschel.