Kabla ya 1972, Hapa Alikaa Nani?

Mjomba wangu hununua nyumba zinazopigwa mnada kwa sababu ya madeni, huzikarabati, kisha huziuza. Mwaka jana nilimsindikiza Bwiza kutazama moja. Paa lilivuja, ukuta wa choo ulikuwa umeanguka, na bei ilikuwa ya chini mno. Mimi nilikuwa nikihesabu mabati na saruji. Yeye alimuuliza mzee jirani jambo moja tu: "Kabla ya 1972, hapa alikaa nani?" Alipojibiwa, tuliondoka.

Baada ya uasi wa Aprili 1972, serikali ya Michel Micombero iliua Wahutu wengi mno, hasa waliosoma, na wengine wakakimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda. Mali zao zilichukuliwa. Nyumba za mjini ziligawiwa, zikauzwa, zikauzwa tena. Sheria ya ardhi ya 1986 ikampa nguvu aliyekuwa ndani: miaka 30 ya kukaa ilitosha, au 15 kwa mwenye nia njema. Basi mnunuzi wa tatu au wa nne aliweza kuwa na hati safi, na pengine alikuwa ameongeza vyumba kwa jasho lake.

Mkataba wa Arusha wa 2000 ulitaka mkimbizi arudishiwe mali yake, au alipwe fidia ikishindikana. Mwaka 2006 iliundwa tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB. Chini ya Padri Astère Kana, tume ilipendelea pande mbili zigawane. Chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, kuanzia 2011, ilielekea kumrudishia mwenye mali chote. Mei 2013, huko Ngagara, vijana wa mtaa walipambana na polisi waliokuja kuitoa familia moja nyumbani.

Wengi hubishana ni nani kati ya hao wawili alikuwa na haki zaidi. Kwangu mimi swali hilo limekaa vibaya. Aliyepokonya ni dola, lakini mlangoni walisimama aliyepokonywa na aliyenunua.

Siku ile, tukirudi Buyenzi, nilimwambia mjomba ameacha faida. Alinyamaza hadi tulipofika nyumbani. Nyumba yetu hii babu aliipata tena aliporudi kutoka Kigoma.

"Lile bafu lenye vigae unaloogea," akasema, "alilijenga yule mama aliyetoka. Siku ya kuondoka alilipiga deki kwanza."

Sikuwahi kujua.