Nyumba ya Nyasi ya Kasubi na Mafunzo Yake

Bismillahi Rahmani Rahim. Wazee wa Munkunyu wazijua nyumba za udongo na nyasi, kwani ndizo zilizowastiri watu kabla ya mabati kuenea. Basi yafaa vijana wao wapate habari za nyumba ya nyasi iliyo mashuhuri kuliko zote katika Uganda, nayo ni Muzibu Azaala Mpanga, kilimani Kasubi, Kampala. Kwa maana habari zake zimefungamana na za Uislamu katika nchi hii.

Nyumba hiyo aliijenga Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1882 iwe jumba lake. Uislamu ulikuwa umefika Buganda mwaka 1844, zamani za baba yake Suuna wa Pili, kwa mkono wa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Mutesa alijifunza kusoma Kurani, akafunga Ramadhani miaka kadhaa na kuwaamuru raia wafunge. Lakini hakutahiriwa. Vijana wa ikulu walioshika dini wakakataa kusali nyuma yake, wakakataa na nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Naye mwaka 1876 akawachoma moto wengi wao huko Namugongo. Mambo yote mawili ni ya mtu yule yule, wala haifai kutaja moja na kuficha la pili.

Mutesa alipofariki mwaka 1884, jumba lake likageuzwa kaburi. Desturi ya kale ilikuwa kulitenga taya la Kabaka na kulihifadhi mahali pengine. Yeye alizikwa mwili mzima. Baadaye walizikwa humo Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili.

Ndani ya paa mna pete 52 za nyasi, kwa hesabu ya koo za Baganda, na kazi ya kuezeka ni amana ya ukoo wa Ngeye. Mwaka 1938 nyumba ilitiwa nguvu kwa chuma na saruji, na mwaka 2001 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ikateketea. Ikajengwa upya, kwa kuwa ufundi wa kuezeka ulikuwa haujapotea. Na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mwislamu hapaendei mahali kama hapo kuomba haja, bali hupata mazingatio. Nyasi huoza na moto hula. Kidumucho ni elimu ambayo mzee amempa kijana. Hata msikiti wa matofali hubaki ukuta mtupu pasipo darasa la watoto. Vijana wa Namugongo hawakuacha jumba, waliacha dini, na dini hiyo ndiyo inayosaliwa leo Munkunyu. Mwenyezi Mungu awarehemu, na awajaalie walio hai kuwarithisha watoto wao. Amin.