Mtawa Aliyetimuliwa Kisa Darubini

Wadau, kabla hujatoa hela yako ya darubini, pata hii stori.

Mwaka 1944, jamaa mmoja aliyesoma kemia anaingia monasteri ya Vedanta kule San Francisco, Marekani. Mtawa kamili, mali hana. Ila nyota zinamwita. Baadaye anahamishiwa Sacramento, na huko ndiyo balaa linakolea. Anachukua vioo vinene vya madirisha ya meli, anavisugua kwa mkono mpaka vinakuwa vioo vya darubini. Bomba lake kadibodi, kitako chake mbao. Kwenye barua anaiita darubini kwa jina la ua, wakubwa wasishtuke 😂. Usiku anatoka nje ya geti kuwaonyesha majirani Mwezi.

1967 wakamtimua. Miaka 23 ya utawa, kwisha.

Aliondoka hana kitu, akaishia kusimama barabarani San Francisco na darubini zake, anaonyesha wapita njia bure. Jina lake John Dobson. Zile darubini zinazoitwa Dobsonian ni ubunifu wake, na hata hakuusajili ale hela.

Sasa wewe unababaishwa na boksi lililoandikwa "525x". Achana nalo. Ishu ni upana wa kioo: cha sentimita 20 kinakusanya mwanga mara 4 ya cha sentimita 10. Kale ka lenzi ka milimita 60 ukikalazimisha kufika 525, utaona ukungu tu. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana jasho lake lilienda kwenye kioo, kitako akagonga mbao.