Deni la Shukrani: Habari za Safari ya Baiskeli ya Massachusetts



Mzazi ambaye mtoto wake ametoka hospitali akiwa mzima hujiuliza neno moja: nitamlipa nini aliyemponya mwanangu? Fedha za matibabu huandikiwa stakabadhi na hesabu yake ikafungwa. Bali kukesha kwa muuguzi na subira ya daktari havina bei. Twapenda kueleza hapa jinsi watu wa jimbo moja la Marekani walivyolijibu swali hilo kwa baiskeli, maana jibu lao lina mafundisho kwa chama cho chote kinachoishi kwa michango ya watu wake.

Asili ya habari hii ni mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1947. Zamani hizo mtoto aliyeshikwa na saratani ya damu hakuwa na dawa. Daktari Sidney Farber alianza kuwapa wagonjwa wadogo dawa iitwayo aminopterini, ambayo huzuia kazi ya foleti, vitamini ambayo seli za ugonjwa huihitaji ili ziongezeke. Mwaka 1948 alitangaza ya kwamba katika watoto 16 aliowatibu, 10 walipata nafuu. Nafuu ile ilikuwa ya muda tu, kisha ugonjwa ukarudi. Walakini hapo kabla hata nafuu ya muda haikujulikana.

Kazi hiyo ilihitaji fedha. Tarehe 22 Mei 1948 redio ilitangaza mazungumzo na mvulana wa miaka 12 aliyekuwa kitandani hospitalini, naye wachezaji wa besiboli wa timu ya Boston Braves wakaja kumwamkia. Ili kumstahi, aliitwa Jimmy tu. Wasikilizaji walileta zaidi ya dola 200,000, wengi wao vijisenti, na mwaka 1952 jengo la utafiti na matibabu ya watoto likafunguliwa kwa hazina hiyo ya Jimmy. Watu wengi walidhani ya kuwa mtoto yule amekwisha kufa. Kumbe alikuwa hai! Mwaka 1998 ilijulikana kwamba ni Einar Gustafson, dereva wa lori wa jimbo la Maine, aliyeishi hata mwaka 2001.

Sasa tufikie baiskeli. Mwaka 1974 kijana mmoja, Billy Starr, alifiwa na mama yake kwa saratani. Mwaka 1980 aliwakusanya wenziwe, wakawa watu 36, wakaendesha baiskeli maili zaidi ya 200 kwa siku mbili, kutoka mji wa Springfield hata Provincetown, mwisho kabisa wa rasi ya Cape Cod. Walipata dola 10,200, wakazipeleka kwa taasisi ile ile aliyoiasisi Daktari Farber, ambayo tangu mwaka 1983 huitwa Dana-Farber. Safari hiyo, iitwayo Pan-Mass Challenge, imerudiwa kila mwaka, na ilipofika mwaka 2024 jumla ya michango yake ilikuwa imepita dola bilioni moja.

Haba na haba peke yake haijazi kibaba kama hicho. Yapo mambo mawili yaliyokijaza. La kwanza ni ahadi. Kila mwendeshaji huahidi kiasi maalumu kabla ya kuanza. Jamaa na rafiki zake wasipokitimiza, yeye mwenyewe hulipa kilichopunguka. La pili ni uaminifu wa hesabu. Kwa miaka mingi sasa, kila senti anayokusanya mwendeshaji hufika hospitalini, na gharama za safari hulipwa kwa ada za kujiandikisha na fedha za wadhamini. Ndiyo maana mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia mkusanyiko, kila mmoja aliendesha baiskeli mahali pake, na dola milioni 50 zikapatikana.

Tena tuangalie ni nani wanaoshiriki. Wamo waliotibiwa wakapona, na vikundi vya waendeshaji huunganishwa na watoto walio bado katika matibabu. Lakini wamo pia waliofiwa, kama alivyokuwa mwanzilishi mwenyewe. Mtu angeweza kuuliza: aliyefiwa ashukuru nini? Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa. Shukrani ya kweli si malipo ya kupona. Hushukuru mtu kwa kuwa mgonjwa wake hakuachwa peke yake, na deni lake humlipa mtoto anayekuja nyuma, ambaye hamjui kwa sura wala kwa jina.

Wema wa namna hiyo hauna mpaka. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, Daktari Denis Burkitt alianza kuchunguza uvimbe wa taya ulioua watoto wengi wa Afrika Mashariki. Na mwaka 1961 akasafiri maili kama 10,000 kwa gari kuukuu, akizizuru hospitali hata kusini mwa Afrika. Miaka iliyofuata, huko Kampala na hapa Nairobi, watoto wenye uvimbe huo walipewa methotreksati, dawa iliyo ndugu ya ile aminopterini ya Boston, pamoja na dawa nyinginezo, na baadhi yao wakapona kabisa. Wazazi wao hawakumjua Daktari Farber.

Basi, ndugu, tunapoufungua ukurasa wa hesabu katika taarifa hii, tusiusome kama orodha ya waliotoa na wasiotoa. Ahadi ni deni, na kila mmoja wetu aliwahi kubebwa mgonjwa, au alimbeba aliye wake, akapokewa mlangoni na mtu asiyemjua. Aliyetupokea pengine amekwisha ondoka duniani. Mlango ungalipo, na leo asubuhi mzazi mwingine amefika hapo na mtoto mgongoni.