Mzigo wa Kujitwika

Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani. Kitenzi hiki kinataka watu wawili, kwa sababu mzigo ukishapita kiasi fulani mwenyewe hawezi kuutoa chini akaufikisha utosini. Sharti apatikane wa kumsaidia, ndipo ashike njia. Kujitwika ni kuuinua peke yako. Aliyewahi kuteka maji kisimani anaujua vizuri mpaka uliopo kati ya vitenzi hivi viwili. Kuna ndoo unayojitwika ukaondoka, na kuna ndoo inayokufanya usimame kando yake, ukiangalia kama kuna mtu anayekuja.

Mpaka huo ndio ninaoutafuta ninapofikiria ustadi wa kwenda likizo ndefu na vitu vichache. Ustadi wenyewe tunaujua, ila jina lake limetawanyika. Utasikia “kaenda mikono mitupu”, na hapo pana lawama, kwa kuwa mikono mitupu ni ya mgeni asiyewaletea wenyeji kitu. Utasikia “kasafiri na kibegi tu”, na hilo “tu” limejaa mshangao. Utasikia pia “kusafiri mwepesi”. Hili nalipenda, kwa kuwa wepesi wa Kiswahili si wa mizani pekee. Mtu mwepesi hana uzito, na pia ana mwendo. Kazi nyepesi ni ile isiyosumbua. Uzito nao ni vivyo hivyo: uji mzito, masikio mazito, mtu mzito wa kuamka. Anayesema amesafiri mwepesi amesema kwa mpigo mmoja kwamba hakulemewa, hakuchelewa, wala hakusumbuka. Hata hivyo kivumishi hakitoi kipimo. Mwepesi kiasi gani? Jibu liko kwenye kujitwika: mwepesi kiasi cha kuuinua mzigo wako wote bila kumngoja mtu.

Likizo nayo ina la kusema. Jina hili limetokana na kitenzi kulikiza, ambacho maana yake ni kumpa mtu ruhusa ya kupumzika, na pia kumwachisha mtoto ziwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Katika siku hizo 28 mtu anaweza kuachishwa mengi, mradi asiyabebe. Anayeondoka na pasi, mto wake wa kulalia na jozi nne za viatu ameondoka kazini, lakini hajalikizwa na nyumba yake.

Msamiati wetu wa mizigo, kwa kweli, ulilelewa njiani. Karne ya 19, katika njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, mizigo ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, na frasila ni ratili 35, yaani takriban kilo 16. Nguo zilizofungwa kwa kipimo cha mchukuzi mmoja ziliitwa mtumba. Ukienda leo Gikomba jijini Nairobi au sokoni Ilala jijini Dar es Salaam, neno hilo lipo kwa wingi wake, mitumba, likitaja nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Wanunuzi wengi wanalitumia bila kukumbuka bega la mtu. Methali nayo imebaki: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunaisema kumsifu Mnyamwezi kwa nguvu zake, na sifa hizo ni haki yake. Lakini ndani ya methali yumo mtu wa pili, yule anayetoa mzigo asioubeba, na huyo hatajwi.

Pagazi anatokana na kupagaa, kubeba mabegani. Kitenzi kilekile kikitendwa kinakuwa kupagawa, na aliyepagawa ni mtu aliyepandwa na pepo. Napenda wasafiri walisikie jambo hili. Mzigo ukizidi, anayebeba na anayebebwa wanabadilishana nafasi: wewe huendi tena unakotaka, unakwenda mizigo inakotaka. Hoteli unaichagua kwa lifti yake na gari unalichagua kwa buti yake. Na rafiki akikualika mshuke njiani mkaone maporomoko, unakataa kwa sababu hakuna pa kuyaacha masanduku.

Wapagazi hawajaisha. Mlima Kilimanjaro una maelfu yao, na wao wenyewe hujiita wagumu. Mzigo wa mgumu una ukomo wa kilo 20, nao hupimwa kwenye mizani langoni kabla ya kupanda. Sasa linganisha na tikiti ya ndege: mashirika mengi humruhusu abiria wa kawaida sanduku la kilo 23. Ina maana kwamba sanduku moja tunaloliona la kawaida, tena ambalo wengi hulalamika kwamba halitoshi, limezidi kile ambacho kanuni za mlima zinaruhusu kumbebesha mwanamume mwenye nguvu ambaye kubeba ndiyo kazi yake. Nilipoziweka tarakimu hizi mbili pamoja, sikuweza tena kuliita sanduku la kilo 23 mzigo wa mtu mmoja.

Tulifikaje huko? Kwa magurudumu. Mwaka 1972 Mmarekani Bernard Sadow alipewa hataza ya sanduku lenye magurudumu manne, la kuvutwa kwa kamba. Mwaka 1987 rubani Robert Plath akalisimamisha wima, akaliwekea magurudumu mawili na mpini mrefu, na hilo ndilo begi la kukokota linalojaa leo katika viwanja vya ndege. Kukokota ni kitenzi cha mkokoteni na cha nyavu ufukoni. Ni kitenzi cha kitu kisichoinuliwa. Kwenye sakafu ya marumaru kitenzi hiki kina raha. Lakini likizo zetu haziishii kwenye marumaru. Kuna mchanga wa Jambiani, kuna vichochoro vya Mji Mkongwe, kuna ngazi za gesti isiyo na lifti, kuna bodaboda ambayo dereva wake atalilaza begi lako juu ya tangi la mafuta na kuendesha akiwa amejikunyata nyuma yake. Magurudumu huuficha uzito mpaka ngazi ya kwanza. Hapo kukokota kunakoma, na msafiri anaanza kuangalia huku na huku, anatafuta wa kumtwika.

Upo mzigo ambao tumeupa jina zuri bila kulitumia ipasavyo. Kompyuta ya kubebeka tumeiita mpakato, kutoka kupakata, yaani kuweka mapajani na kukumbatia, kama mama anavyompakata mtoto. Hiyo ni istilahi iliyotungwa na mtu aliyeisikiliza lugha yake: aliangalia mwili unafanya nini na kifaa. Ajabu ni kwamba begi lenyewe hatukulifanyia hivyo. Tunaliita “begi la mkononi”, ilhali hakuna anayekaa safari nzima amelishika mkononi. Kwenye daladala, kwenye basi la mikoani, kwenye benchi la kungojea meli, begi dogo hupakatwa. Ningependa tuliite begi la kupakata. Jina hilo lina kipimo ndani yake: linaloenea mapajani ukaona mbele, bila kumbana jirani. Mashirika mengi ya ndege yameweka ukomo wa kilo 7 kwa begi la kuingia nalo ndani. Mapaja yangekuambia hivyohivyo bila mizani.

Majina mengine ya vyombo vya safari nayapita haraka, ingawa nayapenda. Sanduku ni la Kiarabu, na bweta, kile kisanduku kidogo cha vitu vya thamani, kililetwa na Wareno. Shanta, begi la askari la mgongoni, limesahaulika karibu kabisa, nami ningefurahi lirudi. Furushi halina uzi wala zipu: ni nguo iliyofungwa ncha zake nne. Ukifika, unafungua fundo, na kilichokuwa begi kinakuwa shuka.

Kati ya maneno yote haya, ninalolionea uchungu ni virago. Kirago ni mkeka mgumu wa matete au majani, wa kulalia. Msafiri wa zamani aliposema amefungasha virago alimaanisha amekunja mkeka wake, na kwa kuwa mkeka ndio ulikuwa kitanda, kiti na mlango, basi amemaliza. Yuko tayari kuondoka. Hakuna neno linaloukaribia ustadi huu kama hilo. Leo tumeliachia kurasa za michezo na za siasa. Timu ikitolewa kwenye mashindano, imefungasha virago. Waziri akiondolewa, kafungasha virago. Neno la mtu aliyekuwa tayari kwa safari limekuwa neno la mtu aliyeshindwa. Nalidai lirudi mahali pake. Ningetaka kijana anayejiandaa kwenda mwezi mzima Lushoto au Lamu aweze kusema “nimefunga virago” na aeleweke hivi: vitu vyangu ni vile ambavyo nikiamka navikunja mara moja, na sijaacha kitu.

Kinachozuia virago kufungika ni kundi la vitu ninaloliita vya huenda. Huenda kukawa na harusi. Huenda mvua ikanyesha wiki nzima. Huenda wakatualika mahali pa suti. Vitu vya lazima havijazi begi: nguo za siku chache zinazofulika jioni na kukauka alfajiri, dawa, nyaraka, chaja, viatu vya kutembelea na kandambili. Vya huenda ndivyo vinavyojaza, na kila kimoja kikisimama peke yake kina hoja nzuri, ndiyo maana ni vigumu kukishinda. Dawa yake niliyoiona ikifanya kazi ni methali ya watu wa pwani: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Wengi huisoma kama huruma kwa msafiri. Mimi naisoma kama ruhusa. Safarini unaruhusiwa kukosa, kuazima na kuomba. Harusi ikitokea, mwenyeji wako atakupa kanzu, naye atafurahi kwamba ulimhitaji.

Kwa wanawake wa pwani jibu la vya huenda lilipatikana zamani, nalo ni doti moja ya kanga. Vipande viwili ndivyo hivyo: kimoja cha kujifunga, kingine ushungi. Usiku ni shuka, asubuhi ni taulo, mtoto akilia ni mbeleko, jua likizidi ni kivuli, na ukinunua matunda ni furushi. Hakuna kifaa cha duka la watalii, hata kile chenye mifuko kumi na miwili, ninachokijua kinachofanya kazi nyingi hivyo kwa uzito mdogo hivyo.

Lakini wapenzi wa wepesi nao wana kosa lao. Wengine hupunguza mpaka raha yenyewe inatoka. Hukata mpini wa mswaki ili waokoe gramu chache. Mabaharia wetu wana neno farumi, mawe au mchanga unaowekwa chini ya chombo kisicho na shehena ili kisipinduke. Chombo kitupu kabisa ni cha hatari. Nami naamini kila begi jepesi linastahili kitu kimoja cha farumi, kizito na kisicho na sababu ya kutosha: riwaya nene, bao la kete na komwe, chupa ya marashi ya mama. Kimoja. Ukihitaji kuamua kati ya viwili, chagua kile ambacho ungekirudia nyumbani kukichukua.

Kuna mzigo ambao mafunzo ya kusafiri mwepesi yanayotoka Ulaya na Marekani hayautaji, nao ndio mkubwa kuliko yote kwetu: amana. Ukisema unakwenda Bukoba mwezi wa Desemba, simu zitaanza. Mfikishie mama hii shuka. Mpelekee mjomba dawa ya presha. Nguo za shule za watoto, ni kifuko kidogo tu. Kila anayetuma huona alichotuma ni kidogo, kama methali inavyosema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wapo wanaoshauri tukatae. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Amana ndiyo inayomfanya msafiri asifike kama mtalii. Anafika akiwa anangojewa, ana mlango wa kubisha na jina la kutaja. Kwa hiyo sihesabu amana kama uzito uliozidi. Naipangia nafasi kwanza, kisha vitu vyangu vinagawana kilichobaki.

Na kurudi ni hivyohivyo. Desemba ni msimu wa senene Bukoba, na mgeni haondoki bila kifuko chao, waliokaangwa wakakauka, pamoja na kahawa ya kutafuna na pengine ndizi za kupelekwa kwa shangazi aliyeko Mwanza. Meli ya usiku ya kwenda Mwanza ina nafasi ya kutosha kwa vyote hivyo. Begi lililotoka Dar es Salaam likiwa limejaa pomoni halina. Ndiyo maana, siku ya kuondoka, begi langu hulifunga likiwa limepwaya theluthi nzima, na wanaoniona hudhani kuna kitu nimesahau.