Pawasaplai hafifu yaweza kuteketeza tarakilishi ya michezo

WAHENGA walinena kuwa rahisi ni ghali. Ukweli wa methali hii hudhihirika upesi miongoni mwa vijana wanaojiundia tarakilishi za kuchezea michezo ya video. Kijana huweka akiba kwa miezi mingi, akanunua prosesa ya kasi na kadi ya grafiki ya kisasa, kisha akabakiwa na fedha kidogo za kipuri cha mwisho. Kipuri hicho ni pawasaplai, yaani kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vipuri vingine vyote. Huishia kuchukua ya bei ya chini kabisa dukani. Siku pawasaplai hiyo inapoungua, huenda isiungue peke yake.

Pawasaplai haiongezi kasi ya mchezo wala haipambi picha kwenye skrini, na ndiyo sababu wengi huipuuza. Hata hivyo, kila kipuri ndani ya kasha huitegemea kwa umeme. Ikishindwa kudhibiti volti, ubao mkuu, diski na kadi ya grafiki vyote vimo hatarini.

Vipuri vipatane kwanza

Kabla ya kufikiria umeme, mnunuzi sharti ahakikishe kuwa vipuri vyenyewe vinapatana. Jambo la kwanza ni soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye ubao mkuu. Prosesa za Ryzen za kampuni ya AMD zilipoingia sokoni mwaka wa 2017 zilitumia soketi ya AM4. Mwaka wa 2022 kampuni hiyo ilizindua AM5, ambayo haiwezi kupokea prosesa za AM4. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA1700 iliyotoka mwaka wa 2021 hupokea prosesa za Core za kizazi cha 12, 13 na 14, ilhali Core Ultra 200 za tarakilishi za mezani, zilizozinduliwa mwaka wa 2024, zinahitaji LGA1851.

Soketi kulingana hakutoshi. Ubao wa AM4 wa miaka ya mwanzo huenda usiitambue prosesa ya Ryzen 5000 hadi programu yake ya BIOS isasishwe, na mara nyingi kazi hiyo huhitaji prosesa ya zamani ya kuuwashia ubao huo. Ni busara kumtaka muuzaji aifanye kabla ya fedha kutolewa.

Vivyo hivyo kwa kumbukumbu ya RAM. Vijiti vya DDR4 na DDR5 vyote vina pini 288 na kwa macho vinafanana, lakini pengo la katikati limewekwa mahali tofauti ili kimoja kisiingie katika nafasi ya kingine. AM4 hutumia DDR4, nayo AM5 hutumia DDR5 pekee. Kwenye LGA1700 ubao wenyewe ndio huamua, kwa kuwa zipo mbao za aina zote mbili.

Vipimo vya kasha navyo visisahaulike. Ubao wa kawaida wa ATX una urefu wa milimita 305 na upana wa 244, ule wa microATX kwa kawaida ni 244 kwa 244, na mini-ITX ni 170 kwa 170. Baadhi ya kadi kubwa za grafiki hupita milimita 300 kwa urefu. Asiyepima nafasi iliyomo ndani ya kasha huenda akalazimika kulikata kwa msumeno au kuirejesha kadi dukani.

Hesabu ya wati

Vipuri vikishapatana, hesabu ya umeme huanza. Chukua mfano wa tarakilishi ya kiwango cha wastani yenye prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya GeForce RTX 4060. Prosesa hiyo katika mipangilio yake ya kawaida hutumia hadi wati 76, nayo kadi imekadiriwa kutumia wati 115. Ubao mkuu, kumbukumbu, diski na feni vikikadiriwa wati 60, jumla ni takriban wati 250.

Mbona basi kampuni ya Nvidia inapendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa kadi hiyo? Sababu ni kwamba mtengenezaji hajui mnunuzi ataifunga kadi yake pamoja na prosesa ipi. Prosesa ya Core i9-14900K, kwa mfano, imeruhusiwa kufikia wati 253 peke yake. Isitoshe, kadi za grafiki huwa na miruko ya umeme: kwa muda mfupi mno, kadi huweza kuvuta umeme mwingi kuliko kiwango kilichoandikwa. Pawasaplai iliyokazwa hadi ukingoni hujizima ghafla mruko huo unapotokea, na mchezaji hubaki akilaumu mchezo au kadi.

Ni kwa ajili hiyo kanuni za ATX 3.0, zilizotolewa na Intel mwaka wa 2022, zilidai kuwa pawasaplai kubwa zinazotumika na kadi za kisasa ziweze kuhimili mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100.

Wapo wanaohofu kwamba pawasaplai kubwa itawaongezea bili ya stima. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Pawasaplai ya wati 650 hutoa kiasi kinachoitishwa na vipuri tu. Iwapo tarakilishi inahitaji wati 250 na pawasaplai ina ufanisi wa asilimia 85, itavuta takriban wati 294 ukutani. Zile 44 za ziada hupotea kama joto.

Maandishi ya kando ya kisanduku

Nambari kubwa iliyoandikwa kwenye boksi si ya kuaminiwa peke yake. Prosesa na kadi ya grafiki hutegemea umeme wa volti 12, hivyo mnunuzi anapaswa kusoma jedwali lililobandikwa kando ya pawasaplai na kutafuta ampea za volti 12. Pawasaplai inayojiita ya wati 500 huku volti 12 ikitoa ampea 20 pekee inampa mwenyewe wati 240 za kazi hiyo, kwani 12 mara 20 ni 240. Katika pawasaplai nzuri ya kisasa, wati za volti 12 hukaribia jumla yote iliyotangazwa.

Alama ya 80 Plus, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, huonyesha ufanisi, yaani sehemu ya umeme wa ukutani inayofika kwenye vipuri badala ya kugeuka joto. Bronze, Gold, Platinum na Titanium ni madaraja ya ufanisi huo. Alama hiyo haisemi lolote kuhusu usalama wa saketi za kinga.

Funzo hilo lilijitokeza wazi mwaka wa 2021. Pawasaplai za Gigabyte za aina ya GP-P750GM na GP-P850GM zilikuwa na alama ya Gold, lakini wakaguzi huru walizishuhudia zikilipuka zilipojaribiwa kwa mzigo mzito. Mnamo Agosti mwaka huo kampuni hiyo ilitangaza kwamba imeshusha kiwango ambacho kinga ya mzigo hukata umeme, kutoka kati ya asilimia 120 na 150 hadi kati ya 110 na 120, na ikawapa wateja nafasi ya kubadilishiwa. Kwa hivyo, inafaa kusoma majaribio ya wakaguzi huru kuhusu aina mahususi inayonunuliwa, maana kampuni moja huweza kuuza nzuri na mbaya kwa wakati mmoja.

Plagi hufanana, kazi hutofautiana

Nafasi ya kadi ya grafiki kwenye ubao mkuu hutoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa kwa nyaya za moja kwa moja kutoka kwa pawasaplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza 150.

Hapa kuna mtego. Plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya pini 8 ya kadi ya grafiki zinakaribiana kwa umbo, ilhali nyaya za volti 12 na za kurudishia umeme zimepangwa kinyume. Ya prosesa kwa kawaida hugawanyika nne kwa nne, na ya kadi sita kwa mbili. Plagi inayokataa kuingia isilazimishwe.

Mtego wa pili ni nyaya za pawasaplai ambazo huweza kuchomolewa pande zote mbili. Upande wa vipuri una kanuni moja duniani, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini apendavyo. Kuazima waya wa pawasaplai nyingine kwa kuwa tu inaingia ni njia ya haraka ya kuchoma diski na ubao.

Kadi kubwa za kuanzia mwaka wa 2022 zilileta plagi ndogo ya pini 16 inayoruhusiwa kubeba hadi wati 600. Muda mfupi baada ya kadi ya RTX 4090 kuzinduliwa mnamo Oktoba 2022, picha za plagi zilizoyeyuka zilianza kuenea. Nvidia ilisema mwezi uliofuata kuwa sababu kuu iliyobainika ni plagi ambazo hazikusukumwa hadi mwisho. Mwaka wa 2023 umbo lilirekebishwa ili kadi isivute umeme mwingi iwapo plagi imelegea. Kadi za aina hiyo zisiwashwe kabla ya plagi kukaguliwa.

Tarakilishi za ofisi za mitumba

Wengi humu nchini huanza kwa kununua tarakilishi iliyotumika katika ofisi za ng'ambo, kisha kuipachika kadi ya grafiki. Njia hii ni nafuu na inafaa, mradi mipaka ijulikane. Mashine nyingi nyembamba za Dell na HP zina pawasaplai ya wati 240 hivi, haina plagi ya kadi ya grafiki, na pini zake huenda zisilingane na zile 24 za kawaida, hivyo si rahisi kuibadilisha.

Kadi inayofaa hapo ni ile isiyohitaji waya wa ziada, kama baadhi ya GTX 1650 zenye wati 75, tena fupi kwa kimo ili ienee kashani. Hata hivyo, Nvidia hupendekeza wati 300 kwa kadi hiyo, na mwenye mashine ya wati 240 anapaswa kujua kuwa amebana nafasi yake ya usalama.

Kinachopasa kuepukwa ni waya wa kuunganisha plagi ya diski ya SATA na kadi ya grafiki. Plagi ya SATA imetengenezewa wati 54 za volti 12. Kuidai wati 75 au zaidi kwa saa nyingi za mchezo ni kualika moto.

Umeme wa humu nchini

Kenya hutumia umeme wa volti 240. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma yenye alama za 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huweza kufika ikiwa kwenye 115, na ikichomekwa ukutani hivyo, huungua papo hapo. Swichi hiyo ikaguliwe kwanza.

Stima inapopotea na kurejea kwa kishindo, kifaa cha kudhibiti volti husaidia. Anayenunua UPS azingatie kuwa VA si wati: UPS ya VA 650 kwa kawaida hutoa wati zisizozidi 400, na mchezo ukipamba moto huenda ikalemewa.

Mwenye bajeti finyu ana njia ya kujiokoa. Akipunguza daraja moja la kadi ya grafiki na kutumia tofauti hiyo kwa pawasaplai iliyothibitishwa, atapoteza picha chache kwa sekunde. Kadi huweza kubadilishwa mwaka ujao, huku pawasaplai ile ile ikiendelea kuhudumu. Lakini aliyeunguliwa na vipuri vyote hurudi kuweka akiba upya.